Biskuti za nondo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Biskuti ni nini hasa?

Ni kipande kidogo kinachokaa kati ya nondo na mbao za fomu (ukungu unaomwagiwa zege), au kati ya nondo na sakafu ya msingi, ili zege likimwagwa lipite chini na pembeni na kuizunguka nondo pande zote. Mafundi wengi huiita biskuti kwa sababu ile ya saruji hukatwa vipande vya mraba vinavyofanana na biskuti. Wengine husema spesa. Kitu ni kilekile, na kazi yake ni moja tu: kushika umbali. Umbali huo, kutoka uso wa zege hadi chuma cha nje kabisa, ndio tunaouita kava.

Katika gharama zote za ujenzi, biskuti ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa, na ndiyo ya kwanza kusahaulika. Nimeshaona nondo safi, zilizofungwa kwa ustadi, zimelala moja kwa moja juu ya mbao huku toroli la kwanza la zege likisogea. Kazi yote ile nzuri ilikuwa inakwenda kuharibika kwa kukosa vipande vya saruji vya kujaza ndoo moja.

Nondo ikishafunikwa na zege itashikaje kutu?

Inashika, na ni vizuri kuelewa inavyotokea, kwa sababu ukielewa hili hutahitaji kusimamiwa na mtu.

Zege jipya lina alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa kati ya 12.5 na 13. Katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Kwa hiyo zege si blanketi tu la kuzuia maji, linailinda nondo kikemia.

Ulinzi huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa yenyewe. Kaboni dayoksaidi huingia polepole kupitia vitundu vidogo vya zege na kula alkali ile kuanzia nje kwenda ndani. Ikifika kwenye nondo, pH inakuwa imeshuka chini ya 9 na ule utando unakufa. Adui wa pili ni chumvi: ya bahari, ya mchanga usiooshwa, au ya maji yaliyotumika kuchanganyia. Chumvi haisubiri alkali ipungue, hutoboa utando sehemu moja moja na kuichimba nondo vishimo.

Kutu inahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko chuma ilichokila, kati ya mara 2 na mara 6 kutegemea aina yake. Ndani ya zege nafasi hiyo haipo, hivyo kutu husukuma. Kwanza unaona ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, kisha doa la kahawia, kisha pande la zege linabanduka na kuanguka. Ukiona dari lenye mistari iliyobanduka kwa umbali unaolingana, jua umeuona wavu wa nondo uliolazwa bila biskuti.

Milimita kumi zikipungua zina madhara gani?

Makubwa kuliko watu wanavyodhani. Kina ambacho kaboni dayoksaidi inafika hakiongezeki sawasawa na miaka, bali hufuata kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni kwamba ukipunguza kava nusu, muda haupungui nusu, unabaki robo. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama katika zege fulani hewa ingehitaji miaka 60 kupenya milimita 30, milimita 15 ingezipenya kwa miaka 15. Zege lilelile, saruji ileile, fundi yuleyule.

Kava iwe kiasi gani?

Jibu la kwanza ni mchoro wa mhandisi. Kama mchoro umeandika 40, ni 40.

Ili uwe na picha, kanuni za Marekani za ACI 318 zinataka milimita 75 kwa zege linalomwagwa moja kwa moja juu ya udongo na kubaki humo, milimita 40 hadi 50 kwa zege lililo wazi kwa mvua au kugusana na udongo kutegemea unene wa nondo, milimita 40 kwa bimu na nguzo zilizo ndani ya jengo, na milimita 20 kwa slabu na kuta za ndani zenye nondo za kawaida. Eurocode 2 ya Ulaya inapendekeza angalau milimita 40 juu ya ardhi iliyoandaliwa kwa zege jembamba, na 75 kama ni udongo mtupu. Ulaya pia huongeza akiba, kwa kawaida milimita 10, kwa kuwa wanajua mkono wa binadamu haufuati mchoro kwa usahihi wa milimita moja. Napenda sana kipengele hicho, maana kinakiri hali halisi ya saiti.

Mazingira ya bahari, maji taka na kemikali yanataka zaidi. Vilevile moto una mahitaji yake: chuma kikifika nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi hubaki na takriban nusu ya nguvu yake, na kinachochelewesha joto kukifikia ni zege lililo mbele yake.

Napima kutoka nondo ipi?

Kutoka chuma cha nje kabisa. Kwenye bimu na nguzo hicho ni ringi, yaani chuma chembamba kinachozifunga nondo kuu kwa kuzizunguka, si nondo kuu zenyewe.

Kosa hili lipo kila mahali. Chukua bimu yenye nondo kuu za milimita 16 na ringi za milimita 8, mchoro unasema kava 25. Fundi anapima 25 kutoka nondo kuu na kuridhika. Ukitoa ringi, kilichobaki ni milimita 17. Na ringi ni nyembamba: kutu ya milimita moja kuizunguka ringi ya 8 inaibakiza 6, ambayo ni kidogo zaidi ya nusu ya chuma chake. Kwa hiyo biskuti ifungwe kwenye ringi.

Fundi wangu anasema atainua nondo kwa ndoano wakati wa kumwaga. Inatosha?

Haitoshi. Naomba ulikatae hili kwa upole lakini bila kurudi nyuma.

Fikiria kinachotokea. Zege linamwagwa, mtu mmoja ana ndoano na wengine wana mabeleshi. Anaivuta nondo juu, anaiona imepanda, anaiachia na kusogea hatua mbili. Yule mwenye toroli anakanyaga palepale. Wavu unazama, na sasa umefunikwa, hakuna anayeuona. Hata asipokanyaga mtu, zege bichi haliwezi kuubeba wavu, hasa vaibreta (mashine ya kutikisa zege) ikipita. Nimewahi kusimama kwenye jamvi (sakafu ya zege ya chini) lililomwagwa hivyo siku tulipokata mfereji wa bomba. Kwenye ukuta wa mfereji nondo ilionekana kama mstari wa penseli, imelala juu ya udongo kwa mita nzima, ikapanda kidogo pale ndoano ilipopita, kisha ikashuka tena.

Biskuti hazichoki wala hazisogei zikifungwa vizuri. Weka biskuti, mpumzishe huyo mwenye ndoano, mpe kazi ya kusindilia zege.

Naweza kutumia jiwe, kipande cha tofali, mbao au kipande cha nondo?

Jiwe halifungiki kwa waya, na kila moja lina unene wake. Ukilikanyaga linaviringika. Tofali hunyonya maji, hivyo linageuka njia ya unyevu kutoka uso wa zege hadi kwenye chuma. Mbao huvimba, huoza na kuacha tundu. Vipande vya bomba la plastiki vina uwazi ambao zege halijai vizuri, na saruji haishikani nao.

Kibaya kuliko vyote ni kipande cha nondo kilichosimamishwa chini ya wavu. Watu hukipenda kwa sababu kina nguvu na hakigharimu kitu. Lakini mguu wake unagusa mbao, na fomu ikivuliwa utaona kidoti cha chuma juu ya uso wa zege. Hicho ndicho mlango. Kutu huanza hapo na kupanda moja kwa moja hadi kwenye wavu mzima.

Nitengenezeje biskuti za saruji mwenyewe?

Kwanza ujue kwamba miongozo ya Uingereza haikubali biskuti zinazotengenezwa saiti, inataka za kiwandani, na sababu zao ni za msingi: nyingi za saiti huwa dhaifu na hazilingani. Kama za kiwandani zinapatikana, zinunue. Kama hazipatikani, tengeneza kwa makini hivi.

Laza karatasi ya nailoni juu ya ubao ulionyooka. Weka fito mbili za mbao zenye unene sawasawa na kava unayoitaka. Usikisie, zipime. Changanya saruji sehemu moja na mchanga safi sehemu mbili, maji kidogo: ukifinyanga kiganjani ushikamane bila kuchuruzika. Jaza kati ya fito, shindilia, kisha vuta ubao mnyoofu juu ya fito hizo ili unene uwe mmoja kila mahali. Kata kwa mwiko miraba ya milimita 50 kwa 50. Kabla haujashika, chomeka katikati ya kila mraba waya uliokunjwa umbo la U, ncha mbili zikitazama juu, mkunjo usifike chini. Waya ukitokea upande wa pili umejitengenezea mlango uleule wa kutu.

Kesho yake zitenganishe na uzizamishe kwenye maji. Siku saba ni kiwango cha chini kabisa, wiki nne ni bora. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu mtu hukumbuka biskuti juzi ya siku ya zege. Biskuti ya siku mbili husagika chini ya uzito wa wavu, na hata isiposagika hubaki na vitundu vingi, ikawa doa laini katikati ya zege gumu. Zianze kutengenezwa siku msingi unapoanza kuchimbwa. Ukitaka kujua kama zimekomaa, chukua mbili uzigonganishe: zilizoiva hulia kama vigae, mbichi zina sauti nzito ya udongo na pembe zake zinamomonyoka.

Kama una kava za aina mbili au tatu, zipake rangi tofauti. Biskuti ya 25 na ya 30 zikichanganyika kwenye ndoo moja hakuna atakayezitofautisha kwa macho.

Za plastiki ni bora kuliko za saruji?

Kila moja ina mahali pake. Za plastiki zina vipimo sawa na hubanwa kwenye nondo kwa haraka. Za duara, zinazofanana na gurudumu, zinafaa sana kwenye nguzo na kuta. Udhaifu wake ni kwamba plastiki haishikani na zege, na ile hafifu hulainika juani au kupinda chini ya nondo nene. Chagua yenye nafasi wazi ili zege lipenye katikati yake. Kwa matangi ya maji, misingi na majengo yaliyo karibu na bahari mimi huchagua za zege kila ninapozipata, kwa sababu zina tabia moja na zege linalozizunguka.

Niweke ngapi?

Kiwango cha Uingereza, BS 7973, kinatoa kanuni rahisi kukumbuka kwa slabu: umbali usizidi mara 50 ya kipenyo cha nondo, na kwa vyovyote usizidi mita moja. Nondo za milimita 10 zinataka biskuti kila sentimita 50, za 12 kila sentimita 60, za 16 kila sentimita 80.

Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye nondo za 12 kitahitaji mistari 8 upande mmoja na 10 upande wa pili, yaani biskuti 80. Ongeza za akiba, maana kuna zitakazovunjika. Zipishanishe mistari, usizipange zote kwenye mstari mmoja, kwa sababu safu ndefu iliyonyooka inaweza kuelekeza ufa.

Ukisikia “weka kumi zinatosha”, panda juu ya wavu ukanyage katikati ya biskuti mbili. Ukigusa mbao kwa chini, hazitoshi.

Na nondo za juu kwenye slabu?

Hapa sasa si suala la kutu tu, ni suala la jengo kusimama.

Nondo za juu hushikiliwa na viti, yaani nondo zilizokunjwa zenye miguu, au viti vya kununua. Kimo chake kinahesabiwa. Slabu ya milimita 150, kava 25 juu na chini, wavu wa juu na wa chini wote wa nondo za 12 zinazopishana: toa 50 za kava, toa 24 za wavu wa chini, toa 24 za wavu wa juu. Kiti kinachosimama juu ya wavu wa chini kitakuwa na kimo cha milimita 52. Miguu isimame juu ya nondo za chini zilizokwisha wekewa biskuti, kamwe isiguse mbao.

Sasa fikiria kibaraza kinachoning’inia bila nguzo mbele. Nguvu yake yote iko kwenye nondo za juu. Kwa slabu ileile ya 150, kina kinachofanya kazi ni milimita 119, kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo ya juu. Mtu akizikanyaga zikashuka milimita 40, kina kinabaki 79. Theluthi moja ya nguvu imeondoka kwa hatua chache za buti, na juu zege limesawazishwa linang’aa. Ndiyo maana nasisitiza kuweka mbao za kupitia zilizoinuliwa juu ya wavu, mtu asitembee juu ya nondo za kibaraza hata akiwa mwenye saiti.

Kwenye nguzo na kuta biskuti zinakaaje?

Zifungwe kwenye ringi pande zote nne, chini, katikati na juu, umbali usiozidi mita moja. Watu huweka upande mmoja tu kisha fomu inapopigwa misumari kizimba chote cha nondo na ringi kinasukumwa upande wa pili na kugusa mbao. Kabla ya kufunga fomu, angalia pia kama nondo za kuanzia zilizotoka kwenye msingi ziko mahali pake. Kama zimepinda, biskuti haziwezi kuzirekebisha.

Na kwenye msingi?

Mwaga kwanza zege jembamba la kusawazisha, milimita 50 hivi, liache likauke, kisha panga biskuti juu yake. Biskuti iliyowekwa juu ya udongo tifutifu huzama mara wavu unapokanyagwa, na kava yako inaishia ardhini.

Waya wa kufungia nao una shida?

Ncha zake zikunjwe kuelekea ndani ya kizimba. Ncha moja inayochungulia kwenye fomu inatosha kuleta doa la kutu ukutani.

Basi si niweke kava kubwa tu niwe salama?

Hapana. Slabu ya 150 yenye kava 25 ina kina cha 119. Ukiweka biskuti za 50 mahali pa 25, kina kinakuwa 94, umepoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu, na nyufa za chini zitakuwa pana zaidi kwa sababu chuma kiko mbali nazo. Biskuti huilinda nondo kwa pande zote mbili: isikaribie nje mno, isizame ndani mno.

Nikague nini kabla zege halijaanza?

Fika mapema, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Kata kipande cha ubao chenye unene wa kava na ukipitishe chini ya wavu sehemu nyingi, hasa pembeni na kwenye makutano ya bimu. Kinapokwama, ongeza biskuti. Tikisa vizimba vya nguzo kwa mkono. Chungulia kwa tochi kati ya ringi na fomu ya bimu, kwani kule chini ndiko kunakofichika makosa. Kisha mteue mtu mmoja ambaye kazi yake wakati wa kumwaga ni kutazama biskuti tu na kurudisha zilizoanguka.

Zege limeshakauka. Nitajuaje kava niliyonayo?

Kuna kifaa cha sumaku-umeme kinachopitishwa juu ya uso na kuonyesha nondo ilipo na kina chake bila kuvunja kitu. Kwa jengo la zamani, mhandisi huvunja kipande kidogo na kupulizia dawa ya fenolifthaleini. Zege lenye alkali linageuka waridi kali papo hapo, lililokwisha kuliwa na hewa linabaki na rangi yake ya kijivu. Unaona kabisa mpaka: hapa pamekufa, hapa pazima. Mpaka huo ukiwa umeshaipita nondo, ulinzi wake umekwisha.

Nimevua fomu nikaona nondo iko nje. Nipake plasta?

Usipake. Plasta nyembamba juu ya chuma kilicho wazi huficha tatizo, kisha hubanduka. Mwite mhandisi akiwa bado anaweza kuona. Kwa kawaida zege huchongwa hadi nyuma ya nondo, kiasi cha milimita 20, ili vidole vipite kuizunguka. Chuma husafishwa hadi king’ae. Kisha hujazwa mota ya ukarabati inayoshikana na zege la zamani na kumwagiliwa siku kadhaa. Kama eneo ni kubwa, au ni kibaraza, au ni nguzo, usiondoe nguzo za muda zilizobeba fomu mpaka mhandisi huyo aseme.